Karibu bila hodi: maswali yenu kuhusu JAK2, CALR, FLT3 na saratani za uboho

Barua za mara hii karibu zote zimekuja na picha ya ripoti ya maabara. Majina ya jeni na ya dawa tumeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye ripoti na kwenye maboksi, ili ukiyaona uyatambue.

SWALI: Shikamooni. Mzee wangu ana miaka 67, tunakaa Moshi mjini. Alilalamika muda mrefu kuumwa kichwa, na kila akitoka kuoga maji ya moto anawashwa mwili mzima. Alipopimwa: hemoglobini 19.2, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) 57%, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 610. Sampuli ikapelekwa mbali, majibu yakarudi: "JAK2 V617F ipo, 38%". Tumeambiwa ni polisaithemia vera, saratani ya uboho. JAK2 ni nini hasa, na hiyo 38% ni ya nini? Jirani anasema damu imezidi kwa sababu tunaishi mlimani.

JIBU: Marahaba. Tuanze na jirani. Moshi mjini hapafiki mita elfu moja, na mwinuko huo hauwezi kumpandisha mtu hadi 19.2. Halafu kuna njia ya kulipima jambo lenyewe. Anayeishi juu sana, au mwenye mapafu mabovu, figo zake humwaga homoni ya erithropoetini kwa wingi, nayo huuagiza uboho utengeneze chembe nyekundu. Kwenye polisaithemia vera homoni hiyo kwa kawaida hukutwa chini. Figo zimeona damu imejaa, zimenyamaza, na uboho bado unatengeneza. Huko kutengeneza bila kuagizwa ndio ugonjwa wenyewe.

Inakuwaje? Kila chembe nyekundu huanza kama seli changa ndani ya uboho. Kwenye utando wa seli hiyo kuna vipokezi vya erithropoetini, na kila kipokezi ni kama mlango wenye kichwa nje na mguu ndani. Mlango wenyewe hauna sauti. Anayeitikia ni bawabu aliyekaa mguuni pake, protini ya asidi amino (vijenzi vya protini) 1,132 iitwayo JAK2. Homoni ikipiga hodi, milango miwili hushikamana, mabawabu wawili hukutana ana kwa ana, na kila mmoja humbandika mwenzake fosfeti, alama ya kemikali ya kuamsha. Wakishaamka huibandika fosfeti protini nyingine, STAT5, ambayo hujishika jozi, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika na za kuchelewesha kifo cha seli. Hodi ikikoma, fosfeti hubanduliwa na seli hutulia.

Sasa mtazame bawabu kwa karibu. Ana sehemu mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ndiyo inayobandika fosfeti. Pacha wake kazi yake kubwa ni kumshika breki. V617F iko kwenye huyo pacha wa breki. Herufi moja tu ya DNA kwenye kromosomu ya 9, G ya nafasi ya 1849, imekuwa T. Kwa hiyo asidi amino ya 617, ambayo ilikuwa valini ndogo, imekuwa fenilalanini yenye pete pana inayojaa pale palipokuwa na nafasi. Breki inalegea, vipokezi vinashikamana vyenyewe, na seli inaitikia "karibu" mchana na usiku bila mtu mlangoni. Mwaka 1974 Prchal na Axelrad walionyesha kwamba seli za uboho za wagonjwa hawa huota maabara bila kutiwa erithropoetini. Sababu ilijulikana 2005, vikundi vinne vya Ulaya na Marekani vilipolitangaza badiliko hili mwaka huo huo mmoja. Lipo kwa wagonjwa 95 hivi kati ya 100 wa polisaithemia vera. Wengi wa waliobaki wana badiliko jingine kwenye jeni hiyo hiyo, eneo la eksoni ya 12 (eksoni ni kipande cha jeni kinachosomwa kutengeneza protini).

Ile 38% si hatua ya saratani, na si kwamba saratani imekula asilimia 38 ya mwili. Maana yake: katika kila nakala 100 za jeni JAK2 zilizosomwa kwenye damu ya mzee, 38 zina ile T. Kila seli ina nakala mbili. Kama seli za ukoo mbovu, yaani zote zilizozaliwa na seli moja iliyobadilika, zina nakala moja mbovu na moja iliyo sawa, basi kama 76 kati ya seli 100 zilizopimwa ni za ukoo huo. Ikipita 50%, ujue baadhi ya seli zimeipoteza kabisa nakala iliyo sawa. Nambari hii inafaa kufuatiliwa, lakini wiki hii siyo inayomtishia mzee. Kinachomtishia ni hematokriti 57%: damu nzito, kiharusi, mshipa kuziba.

Matibabu ya mwanzo hayana makuu. Hutolewa damu mililita 450 hadi 500 kwa mara, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu 200 hadi 250, hadi hematokriti ishuke chini ya 45%. Hiyo 45 haikuokotwa hewani. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2013 uligawa wagonjwa 365: walioshikiliwa chini ya 45%, 5 kati ya 182 walipata kuganda damu kukubwa au kufa kwa moyo na mishipa, walioachwa kati ya 45 na 50%, 18 kati ya 183. Pamoja na hayo, aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku kama hana vidonda vya tumbo wala kutokwa damu. Na kwa kuwa amevuka miaka 60, daktari ataongeza dawa ya kuutuliza uboho, mara nyingi hydroxyurea, ile ile inayotumiwa na wenye selimundu. Hesabu ya damu irudiwe kila wiki moja au mbili mwanzoni, kwa sababu dawa hii hushusha chembe zote, si nyekundu tu.

Badiliko hili hakuzaliwa nalo kutoka kwa wazazi. Limezuka katika seli shina moja ya uboho wake, pengine miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo wewe na ndugu zako hamna haja ya kukimbilia kupimwa kama hesabu zenu za damu ni za kawaida.

SWALI: Mama ana polisaithemia na anatolewa damu. Sasa madini ya chuma yameshuka na muuza duka la dawa amempa vidonge vya kuongeza damu. Ameze?

JIBU: Asimeze. Kila mililita 500 za damu huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na huo upungufu ndio unaouzuia uboho usitengeneze chembe nyekundu. Ukimpa chuma umerudisha kuni jikoni. Hematokriti inaweza kupanda ndani ya wiki chache. Mboga, maharage na nyama ale kama kawaida. Kama uchovu umemzidi, daktari anaweza kumwondoa kwenye kutolewa damu na kumweka kwenye dawa, lakini uamuzi huo haufanywi kaunta.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara, Mombasa. Nina sampuli ya mama wa miaka 41, chembe sahani 940 kwa miezi saba. JAK2 V617F haikuonekana. Daktari wake anauliza tupime nini tena. Tukitazama utaratibu wetu, ni wapi tunaweza kuwa tumekosea?

JIBU: Kwanza isome upya hiyo "haikuonekana". Imepimwa kwa njia gani? Kama ni kusoma DNA kwa njia ya Sanger, badiliko lililo chini ya asilimia 15 hadi 20 halionekani. Linamezwa na kelele za chati. Wagonjwa wa chembe sahani nyingi mara nyingi wana kiwango kidogo cha V617F, kwa hiyo hawa ndio hasa wanaopitwa. Tumia PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi ili ionekane) inayobagua herufi, inayoshika hadi 1% au chini yake, na ripoti iandike kikomo hicho. Ripoti inayosema "hasi" bila kikomo ni nusu ripoti.

Pili, chupa. Iwe ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, mililita 3 hadi 5, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi. Chupa ya heparini isitumike: heparini huzuia kimeng'enya cha PCR, na unaweza kupata "hasi" ambayo ni mtambo ulioshindwa kufanya kazi. Ndiyo maana kila mzunguko uwe na jeni ya kudhibiti. Jeni hiyo isipotokea, hakuna majibu ya kutoa. Weka nyuzi 2 hadi 8, usigandishe damu nzima. DNA huvumilia siku kadhaa kwenye baridi hiyo, RNA haivumilii. Sampuli ya BCR-ABL1 (jeni mbili zilizoungana, alama ya lukemia sugu ya mieloidi), ambayo hupimwa kwa RNA, ifike ndani ya saa 48.

BCR-ABL1 imeingiaje hapa? Kuna wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi wanaoanza na chembe sahani nyingi tu, chembe nyeupe zikiwa hazijapanda sana. Wao wana dawa yao, imatinib na jamaa zake, na kuwakosa ni kosa baya kuliko kukosa JAK2. Ipimwe kabla ya kuendelea mbele. Hakikisheni pia feritini (kipimo cha akiba ya chuma), dalili za uvimbe au maambukizi ya muda mrefu, na kama wengu umewahi kuondolewa. Upungufu wa chuma peke yake unaweza kupandisha chembe sahani.

Zikitoka zote safi, pima CALR eksoni ya 9, kisha MPL eksoni ya 10. Kwa wenye ugonjwa wa chembe sahani nyingi usiotokana na kingine, JAK2 ipo kwa nusu au zaidi kidogo, CALR kwa 20 hadi 25%, MPL kwa 3 hadi 5%. Wanabaki 10 hadi 15% wasio na hata moja. Kwao kipande cha uboho ndicho kitakachoamua.

CALR inastahili kuelezwa, maana haifanani na kipokezi hata kidogo. Ni protini ya ndani ya seli, kazi yake kusaidia protini nyingine zijikunje vizuri. Mkia wake una chaji hasi, na mwishoni una asidi amino nne, KDEL, zinazoirudisha ndani kila ikitaka kutoka. Badiliko la aina ya 1 hukata herufi 52 za DNA. La aina ya 2 huongeza herufi 5. Kwa kuwa 52 na 5 hazigawanyiki kwa tatu, usomaji unaruka nafasi na mkia mzima unaandikwa upya: chaji inakuwa chanya, KDEL inapotea. Protini hiyo sasa inaning'inia kwenye MPL, kipokezi cha thrombopoetini (homoni inayoagiza chembe sahani), wakiwa bado ndani ya seli, na wanatoka pamoja hadi kwenye utando wakiwa wameshikana. Hodi inapigwa kutokea ndani ya nyumba. Bawabu JAK2, ambaye hana kosa lolote, anaitikia.

Kwenye MPL yenyewe kosa liko mlangoni. W515 ni triptofani iliyokaa chini kidogo ya utando, kazi yake kuzuia milango isijifunge jozi bila homoni. Ikibadilishwa kuwa lusini au laisini, kizuizi kimeondoka. Ndiyo sababu mabadiliko matatu tofauti yanazaa ugonjwa unaofanana, na dawa ya kumzuia JAK2 inaweza kuwafaa hata wasio na badiliko la JAK2.

Kwa upimaji wa CALR hamhitaji mashine kubwa: PCR yenye alama ya rangi, kisha pima urefu wa vipande. Aina ya 1 itatokea fupi kwa 52, aina ya 2 ndefu kwa 5. Hizo 5 zinahitaji mtambo wa kapilari. Kwenye jeli ya kawaida zitawapita.

Na jambo moja la pembeni, kwa kuwa chembe sahani ni 940: potasiamu ikitoka juu ajabu, msikimbilie kumtibu. Damu ikiganda kwenye chupa, chembe sahani hupasuka na kumwaga potasiamu. Rudieni kwa plazma ya heparini, ipimwe upesi. (Ndiyo, hapa heparini inaruhusiwa.) Zikivuka 1,000, daktari aulizie kipimo cha von Willebrand, protini ya kugandisha damu, kabla ya aspirini, maana chembe sahani nyingi mno huila protini hiyo na mgonjwa huanza kutokwa damu badala ya kuganda.

SWALI: Nasoma Eldoret, kozi ya michezo. Mwalimu alitaja mwanariadha wa Ufini aliyezaliwa na damu nyingi kwa sababu ya kipokezi. Naye alikuwa na saratani?

JIBU: Hapana. Ni Eero Mäntyranta, mteleza theluji wa masafa marefu, medali 7 za Olimpiki, tatu za dhahabu: moja 1960 na mbili Innsbruck 1964. Ukoo wake ulichunguzwa na majibu yakachapishwa 1993: nakala moja ya jeni ya kipokezi cha erithropoetini, EPOR, ilikatika mapema, na kipokezi kikakosa asidi amino 70 za mwisho wa mguu. Mkia huo ndiko hukaa protini za kubandua fosfeti. Kwake yeye homoni ilikuwa bado lazima ipige hodi; tatizo ni kwamba mgeni akishaingia hakuna wa kumwambia kwaheri. Hemoglobini yake ilivuka 20.

Tofauti na V617F ni mbili. Yeye alizaliwa nalo, kwa hiyo liko kwenye seli zake zote na hakuna ukoo mmoja unaowashinda wengine ndani ya uboho. Na EPOR ni mlango wa njia ya chembe nyekundu, ilhali JAK2 ni bawabu wa milango mingi, akiharibika kwenye seli shina chembe nyeupe na chembe sahani nazo huingia kwenye mkumbo. Aliishi hadi 2013.

SWALI: Niko Muscat. Mdogo wangu, miaka 34, alikutwa na lukemia kali ya mieloidi yenye "FLT3-ITD". Alipewa kemotherapi na midostaurin (dawa ya kuizuia FLT3), akapona. Miezi saba baadaye imerudi. Dawa iliyomponya inashindwaje?

JIBU: Pole sana, ndugu. FLT3 ni mlango wa aina nyingine: hauna bawabu wa kuazima, kimeng'enya kimo ndani ya mguu wake wenyewe. Juu ya kimeng'enya hicho, karibu na utando, kuna kipande kinachofanya kazi ya komeo. ITD maana yake kipande cha eneo hilo kimejirudia, kimenakiliwa na kupachikwa ubavuni mwa kile cha kwanza. Kirudio kinaweza kuwa cha herufi 3 au kikapita mia nne. Komeo lililopachikwa kipande cha ziada halifungi. Robo hivi ya wagonjwa wa lukemia hii wanalo.

Lukemia ikirudi, njia ni chache na zinajulikana. Kwanza, kipokezi hicho hicho hupata badiliko jingine penye nafasi dawa inapokaa: badiliko la D835 hufukuza baadhi ya dawa za kuizuia FLT3, la F691L hufukuza karibu zote. Pili, seli huacha kuutegemea mlango na kuwasha waya wa mbele yake, hasa jeni za NRAS au KRAS. Tatu, ukoo wenye ITD hufa kweli, ukabaki ukoo jirani usiokuwa nayo. Hali hizi tatu zinataka maamuzi tofauti, kwa hiyo FLT3 ipimwe upya sasa; majibu ya mara ya kwanza hayatoshi. Ulizeni pia ilipimwa vipi. Kusoma vipande vifupi vya DNA kwa mashine za kisasa kunaweza kukosa ITD ndefu, kwa kuwa kipande kirefu kilichorudiwa hakipati pa kulala kwenye ramani. Kupima urefu wa kipande cha PCR kunaikamata.

Kama FLT3 bado ipo, gilteritinib, miligramu 120 mara moja kwa siku, imelinganishwa na kemotherapi ya kawaida kwa wagonjwa 371 ambao ugonjwa ulirudi au ulikataa dawa: nusu yao waliishi miezi 9.3 au zaidi, dhidi ya 5.6. Si ponyo. Ni muda wa kumfikisha kwenye upandikizaji wa uboho, na mazungumzo ya nani atamtolea uboho, kuanzia kwenu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, yaanze leo bila kungoja dawa ifanye kazi. Akianza dawa akapata homa, kifua kubana au kuvimba ndani ya wiki za mwanzo, arudi hospitali siku hiyo hiyo: seli changa zinazokomaa kwa mkupuo zinaweza kuleta hali hiyo, na hutulizwa kwa dexamethasone.

SWALI: Mwanza. Mama mkwe ana uboho uliojaa makovu na anameza ruxolitinib miligramu 15 mara mbili. Wengu umepungua vizuri. Sasa amekutwa na kifua kikuu. Tusimamishe dawa?

JIBU: Msiisimamishe ghafla nyumbani. Ikikatwa kwa mara moja, ndani ya wiki moja hivi homa, maumivu na kuvimba wengu hurudi, wakati mwingine kwa ukali wa kutisha. Daktari akiamua iondolewe, hupunguzwa kidogo kidogo.

Lakini kifua kikuu na dawa hii vina uhusiano. Ruxolitinib humziba mdomo JAK2, na ndugu yake JAK1 pia, na haimtambui bawabu mbovu na mzima. Seli zinazomkaba mdudu wa kifua kikuu hupokea amri kwa gama-interferoni, na mlango wa amri hiyo unalindwa na mabawabu hao hao wawili. Ukiwanyamazisha, mdudu aliyelala miaka mingi mapafuni anaamka. Ndiyo maana kabla ya kuianza ilipasa aulizwe historia ya kifua kikuu, apigwe eksirei na kupimwa maambukizi yaliyojificha. Hepatitisi B nayo ni vivyo hivyo.

Tatizo la pili ni rifampicin, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Huliamsha ini livunje ruxolitinib haraka, na kiwango cha dawa kwenye damu hushuka kwa asilimia 70 hivi. Nguvu yake haipotei kwa kadiri hiyo hiyo, kwa sababu mabaki yake nayo hufanya kazi, kwa hiyo haiongezwi kwa kubahatisha: wengu upimwe kwa sentimita chini ya mbavu kila ziara, hesabu ya damu ifanywe kila wiki mbili, na kipimo cha dawa kifuate chembe sahani. Rifampicin ikimalizika, ini hupoa baada ya wiki mbili hivi na ruxolitinib hupanda tena. Kama iliongezwa katikati, ndipo ipunguzwe, la sivyo hemoglobini na chembe sahani zitaporomoka. Dawa ya fangasi fluconazole hufanya kinyume, hupandisha, kwa hiyo mtu yeyote akitaka kumwandikia aambiwe kwanza. Andikeni majina ya dawa zake zote kwenye kikaratasi kimoja na kikae ndani ya kadi yake ya kliniki ya kifua kikuu, kwa kuwa wanaomtibu kifua na wanaomtibu damu huenda hawakai jengo moja.